Usilaumu Jua la Kyela

Kompyuta ya mezani iliyoungwa nyumbani ikianza kunguruma kwa feni, kugandaganda na kuzimika yenyewe katikati ya kazi, jibu linalotolewa haraka Kyela ni moja: huku kuna joto. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linapoteza wengi. Mji wa Kyela uko kwenye mwinuko wa kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa, wakati jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo mashine iliyofungwa Mwanjelwa, ikateremshwa kupitia Tukuyu, hukuta hewa yenye joto zaidi kwa nyuzi 7 au 8 hivi. Hizo ni za kweli, hakuna anayezikana. Lakini nyuzi 8 haziwezi kuitoa prosesa kwenye 70 na kuifikisha 100. Nyuzi 22 zilizobaki zina chanzo kingine, na fundi anayelaumu jua anakiacha chanzo hicho humohumo ndani ya keisi.

Joto la prosesa hupita kwenye pesti, likaingia kwenye hitisinki, likachukuliwa na hewa inayosukumwa na feni. Maadamu umeme unaotumika ni uleule na kipoza ni kilekile, tofauti kati ya prosesa na hewa ya chumbani hubaki karibu ileile, iwe Mbeya au Matema. Tuseme chumba kina nyuzi 22 na prosesa, ikiwa kwenye kazi nzito, inasoma 70: tofauti ni 48. Chumba kikifika 30, prosesa itasoma kama 78, na hapo hakuna ugonjwa. Prosesa nyingi za Intel huvumilia hadi 100. Ryzen 5 5600X ya AMD ukomo wake ni 95. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya mashine yake asitazame namba ya prosesa peke yake. Aweke kipimajoto pale hewa inapoingilia kwenye keisi, afungue programu kama HWiNFO au Core Temp, kisha atoe namba moja kwenye nyingine. Tena kuna jambo ambalo wanaolaumu tambarare hawalitaji: hewa ya Kyela ni nzito kuliko ya Mbeya kwa kama sehemu moja ya kumi, na hewa nzito hubeba joto zaidi kila feni inapozunguka. Bonde linarudisha sehemu ya kile linachochukua.

Tofauti ikiwa kubwa mno, kinachofuata ni kutazama mwendo wa kupanda kwake, na hapa ndipo mashine inapojieleza yenyewe. Washa programu ya kuibebesha prosesa mzigo mzima, kwa mfano Prime95, ukiwa umekodolea macho namba. Ikiruka hadi 95 ndani ya sekunde chache, joto halijapata hata nafasi ya kufika kwenye hewa. Limekwama kati ya prosesa na hitisinki. Kipoza kinachokuja na prosesa nyingi za Intel hushikwa na pini 4 za plastiki zinazosukumwa kwenye matundu ya mazabodi. Moja ikiwa haijaingia sawasawa, kipoza kizima huegemea upande, na kwa juu huoni kitu. Geuza mazabodi uitazame kwa nyuma: ncha zote nne ziwe zimetokeza kwa urefu mmoja. Barabara ya kutoka Uyole ina miteremko na kona nyingi, na mashine iliyosafirishwa na hitisinki nzito bila kuegemezwa inaweza kufika ikiwa imelegea. Ukikibandua kipoza, soma alama ya pesti kabla ya kuifuta. Ikiwa utando mwembamba uliosambaa kote, mgandamizo ulikuwa mzuri. Ikiwa nene kona moja na kupauka kona nyingine, umeshampata mkosaji. Wakati mwingine unakuta karatasi ya nailoni ya kiwandani ingali imeganda chini ya hitisinki. Futa kwa spiriti, weka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi, na usikubali ushauri wa kutumia dawa ya meno, kwa sababu maji yake hukauka baada ya muda mfupi na tatizo hurudi.

Namba ikipanda polepole, dakika 10 au 20, mkao wa kipoza ni mzuri ila hewa ndani ya keisi haitoki. Fungua mfuniko wa ubavuni huku mzigo ukiendelea. Namba ikishuka sana, tatizo ni mzunguko wa hewa: feni zote zinavuta ndani na hakuna inayotoa, au keisi imesukumwa hadi ukutani, au matundu yameziba. Kyela ina vya kuziba vya aina yake. Vumbi la pumba kutoka mashine za kukoboa mpunga ni jepesi na linaingia popote. Karibu na ufuko, vijidudu vya ziwani vinavyopanda juu ya maji kama moshi huletwa nchi kavu na upepo, hufuata mwanga wa taa usiku, na vikifa hunasa kwenye mapezi ya hitisinki. Bloa inatosha kuvitoa, mradi ushike mapanga ya feni yasizunguke kwa kasi iliyopita kiasi.

Wapo watakaosema kwamba kiyoyozi kinamaliza yote haya. Kinashusha namba, ndiyo, lakini pini iliyolegea inabaki imelegea, na bili ya umeme inalipwa kila mwezi kwa kosa ambalo lingesahihishwa mara moja. Wanaoweka barafu karibu na keisi wanafanya hatari zaidi: kwenye hewa nyevu ya bonde hili, kitu chochote kilichopozwa sana kuliko hewa hutoa jasho la maji, na maji hayo huishia kwenye mazabodi. Hoja nyingine ina nguvu zaidi. Prosesa za Ryzen 7000, zilizotoka 2022, zimeundwa zifike 95 chini ya mzigo mkubwa, na AMD yenyewe ilisema hivyo. Ni kweli, na inathibitisha kwamba namba pekee haihukumu. Prosesa iliyogota kwenye ukomo wake huanza kujipunguzia kasi ili isizidi, hivyo kipimo cha tofauti hakifai tena. Tazama kasi yake, kama inashuka chini ya ile iliyoandikwa na kiwanda. Ikifika 95 wakati umefungua barua pepe tu, hilo ni kosa kwa prosesa yoyote.

Yote yakiwa sawa na bado namba iko juu, ingia kwenye bayosi. Mazabodi nyingi huiachia prosesa ile umeme mwingi bila kukuuliza: Core i9-13900K ina wati 125 za msingi, lakini inaweza kufika 253. Wati za mwisho huongeza kasi kidogo na joto jingi. Kwa studio ya kuhariri video za harusi isiyo na kiyoyozi, kuweka kikomo cha wati, au kuwasha hali ya Eco kwenye Ryzen, hushusha nyuzi nyingi bila kununua kitu, na kazi inachelewa kidogo tu.