Usonji Tarime na Serengeti: Njia ya Kufikia Utambuzi Sahihi

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana maishani, mara nyingi kabla mtoto hajazaliwa, na kudumu naye hadi uzeeni. Hugusa namna anavyowasiliana na kuhusiana na watu, na hujionyesha pia katika tabia za kujirudiarudia, kushikilia mazoea, na hisi ambazo ama ni kali mno ama ni hafifu kuliko za wenzake. Hauambukizi, si wazimu, wala hausababishwi na malezi mabaya. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa takriban mtoto mmoja katika kila 100 ana usonji. Kwa hesabu hiyo, eneo lenye watoto 800 katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, linaweza kuwa na wanane hivi wenye hali hii, liwe Nyamongo, Sirari au Mugumu, hata kama hakuna kati yao aliyewahi kuandikiwa neno hilo kwenye cheti cha hospitali.

Daktari Leo Kanner aliandika kuhusu watoto 11 wa aina hii huko Baltimore, Marekani, mwaka 1943. Afrika ilichelewa kuangaliwa. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika nchi sita za bara hili, Kenya ikiwemo, na akaripoti watoto wachache sana wenye usonji. Kwa miaka mingi matokeo hayo yaliwapa watu sababu ya kuamini kwamba usonji ni nadra Afrika. Lakini Lotter alitafuta katika vituo na taasisi za mijini zilizolea watoto wenye ulemavu wa akili. Mtoto wa kijijini ambaye hakuwahi kupelekwa kituo chochote hakuweza kuhesabiwa, na hadi leo huyo ndiye anayekosekana kwenye takwimu.

Dalili huanza kuonekana nyumbani kabla ya kuonekana hospitalini. Mtoto wa mwaka mmoja hageuki anapoitwa jina lake. Hanyooshi kidole kuonyesha ndege au ng'ombe anayepita. Anafikisha miezi 16 bila neno, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au anaanza kusema kisha maneno yanapotea. Katika boma ambalo wenzake wanafinyanga ng'ombe wa udongo na kujifanya wanawachunga, yeye anachukua magunzi ya mahindi na kuyapanga mstari mmoja kando ya ukuta. Likisogezwa gunzi moja, analia hadi lirudishwe mahali pake. Akiwa na kiu haombi wala haonyeshi. Anashika mkono wa mama yake na kuuweka juu ya mtungi wa maji, bila kumtazama usoni. Anaziba masikio mashine ya kusaga ikianza kunguruma. Anakula ugali wa mahindi, lakini ukichanganywa na mtama au muhogo haugusi, na kipigo hakimbadilishi.

Si wote wanaofanana na huyo. Wapo wanaoongea vizuri, wanaojua kusoma kabla ya wenzao na kukariri majina ya mabasi yote ya barabara ya Mwanza, ila hawaelewi utani, hawana rafiki, na wanachanganyikiwa ratiba ikibadilika. Wavulana wanaotambuliwa ni takriban mara tatu ya wasichana. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kweli, na sehemu nyingine inatokana na wasichana kuweza kuiga wenzao na kunyamaza. Binti mkimya anayetii husifiwa kuwa ana adabu, na hakuna anayejiuliza kwa nini haongei na mtu.

Kazi ngumu zaidi ni kuutofautisha usonji na mambo yanayofanana nao. La kwanza ni uziwi. Mtoto asiyegeuka anapoitwa anaweza kuwa hasikii kabisa, au anasikia nusunusu kwa sababu ya usaha wa masikio usiotibiwa, kwa hiyo kipimo cha usikivu kinapaswa kutangulia kila kitu. Kifafa nacho huwapata watu wenye usonji zaidi ya watu wengine, na aina yake ya kuduwaa kwa sekunde chache bila kuanguka hupita bila kugunduliwa. Ulemavu wa akili unaweza kuwepo pamoja na usonji au kuwepo peke yake. Mtindio wa ubongo, unaoweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, huathiri zaidi viungo na mwendo. Kila hali kati ya hizi ina msaada wake. Mtoto anayehitaji dawa ya kifafa au kifaa cha kusikia akiitwa "mwenye usonji" tu, ananyimwa kile ambacho kingemsaidia kesho asubuhi.

Malaria ina nafasi yake katika habari hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliangalia watoto 20 nchini Tanzania, na 14 kati yao walitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua kawaida hadi walipougua malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege, na dalili za usonji zikafuata walipopona. Idadi hiyo ni ndogo mno kuthibitisha kwamba malaria husababisha usonji. Hata hivyo Mara iko Kanda ya Ziwa, ambako malaria bado ni mzigo mkubwa, na mtoto aliyenusurika malaria ya ubongo anastahili kufuatiliwa lugha na makuzi yake kwa miezi kadhaa. Kumruhusu kurudi nyumbani homa ikishuka hakutoshi.

Kwa ujumla chanzo kikubwa ni urithi. Utafiti uliofanywa katika nchi tano na kuchapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa takriban asilimia 80 ya tofauti za watu katika kupata usonji zinatokana na vinasaba. Kuzaliwa njiti na umri mkubwa wa wazazi huongeza uwezekano kidogo. Chanjo haihusiki. Andiko la Uingereza la mwaka 1998 lililozusha hofu hiyo lilifutwa mwaka 2010 na jarida lililolichapisha, na uchunguzi wa watoto zaidi ya 650,000 wa Denmark, uliotolewa mwaka 2019, haukuona uhusiano wowote kati ya usonji na chanjo ya surua.

Laana, uchawi na mizimu hutajwa sana. Utafiti wa Kilifi na Mombasa, Kenya, uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta wazazi na wataalamu wakitaja nguvu hizo sambamba na sababu za kitabibu, na familia zikizunguka kati ya hospitali, maombi na waganga. Hakuna sababu ya kuidharau familia inayofanya hivyo. Inatafuta jibu pale linapopatikana. Gharama yake ni miaka. Mbuzi huuzwa, mama hulaumiwa na ukoo wa mumewe, na mtoto hupita umri ambao ubongo wake ungejifunza lugha kwa wepesi zaidi.

Njia ya hospitali huanzia zahanati, na hapo pana pengo lisilosemwa vya kutosha. Kadi ya kliniki ya mtoto hufuatiliwa hasa kwa uzito na chanjo. Dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela hutolewa katika miezi 18, na baada ya hapo mama wengi hawaoni tena sababu ya kwenda kliniki. Huo ndio umri ambao dalili za usonji huanza kusomeka bila shaka. Mhudumu anayeuliza siku hiyo maswali matatu tu, kama mtoto anageuka akiitwa, anaonyesha vitu kwa kidole, na anasema maneno mangapi, anaweza kuokoa miaka mitatu ya kutangatanga.

Kutoka zahanati, rufaa hupanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere mjini Musoma, na baadaye Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda. Kutoka Tarime au Mugumu hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200, na mtoto asiyevumilia kelele wala msongamano hulazimika kusafiri kwa basi lililojaa. Barua ya rufaa yenye maelezo kamili ina thamani kubwa kwa familia hiyo: lini alitembea, lini alisema neno la kwanza, aliugua nini, nani mwingine kwenye ukoo alichelewa kuongea. Ikiwa familia ina simu, video fupi za mtoto akicheza, akila na akikasirika humsaidia daktari, kwani mtoto anayeogopa chumba cha hospitali haonyeshi alivyo kwao.

Hakuna kipimo cha damu cha usonji, wala picha ya kichwa inayouonyesha. Familia iliyoambiwa itafute fedha za kupiga picha ya ubongo inastahili kuelezwa kwamba picha hiyo hutafuta mambo mengine. Utambuzi hufanywa kwa kusikiliza historia na kumtazama mtoto, kwa vigezo vinavyodai dalili za pande mbili: matatizo ya mawasiliano ya kijamii, na tabia za kujirudia au hisi zisizo za kawaida, zote zikiwa zimeanza utotoni. Kwa uchujaji wa awali lipo dodoso la maswali 20 linalotumika duniani kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 8 na kuendelea huonyesha uwezekano mkubwa, ingawa dodoso pekee halitoi utambuzi.

Madodoso ya namna hiyo yalitungwa mbali, na katika wilaya hizi yanahitaji jicho la mtu anayezijua. Swali la kumtazama mtu mzima machoni halina uzito uleule mahali ambapo mtoto hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Swali la mwanasesere halimhusu asiyewahi kumwona. Zito zaidi ni lugha. Mtoto anayelelewa kwa Kikurya, Kingoreme au Kiikoma akihojiwa kwa Kiswahili anaweza kunyamaza kwa sababu haelewi, na mama yake akajibu "ndiyo" kwa kila swali kwa heshima ya daktari. Mkalimani au muuguzi mwenyeji ni sehemu ya kipimo. Lugha mbili au tatu nyumbani hazisababishi usonji wala hazimcheleweshi mtoto mwenye usonji, na kumshauri mama aache lugha yake ni kumnyang'anya mtoto mazungumzo machache aliyonayo. Watafiti wa Uganda walitengeneza dodoso lao la maswali 23, lililochapishwa mwaka 2014, na mwaka huohuo watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Marekani walieleza njia ya kupima inayotegemea zaidi kumwangalia mtoto. Huo ni mwelekeo sahihi.

Msaada hauhitaji kusubiri cheti. Mtoto anayechelewa kuongea anafaidika na mambo yaleyale hata kabla ya hali yake kupewa jina. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yanayoweza kuongozwa na wahudumu wasio mabingwa. Msingi wake ni shughuli za kila siku. Mama anapochambua maharage anakaa chini usawa wa mtoto, anaiga anachofanya, anasema neno moja fupi, kisha anasubiri. Mtoto akinyoosha mkono kuelekea kikombe, anapewa neno "maji" na kikombe kwa pamoja. Asiyeongea hutumia picha za kikombe, choo, kitanda na sahani zilizochorwa kwenye vipande vya boksi, ambazo humwezesha kuomba bila kupiga kelele. Picha hazimzuii kuongea baadaye.

Usalama unahitaji mpango. Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga, na Mto Mara, malambo ya kunyweshea mifugo na barabara kuu ya Sirari havisamehe. Baadhi ya familia humfunga mtoto kamba kwa kukosa njia nyingine. Uzio, majirani waliojulishwa, na jina la mzazi lililoandikwa ndani ya nguo hupunguza hatari bila kumdhalilisha. Misimu ya tohara, yenye umati, filimbi na nyimbo za mchana kutwa, humlemea mtoto wa aina hii. Apangiwe mapema mahali tulivu pa kukaa na ndugu anayemzoea. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo zinazopunguza ukali, kukosa usingizi au kifafa, na hizo hutolewa na daktari.

Wataalamu wa tiba kwa vitendo husomea KCMC, Moshi, na walimu wa elimu maalumu wamefundishwa kwa miaka mingi Patandi, Arusha, lakini wanaofika vijijini ni wachache na wataalamu wa matamshi ni wachache zaidi. Kwa sababu hiyo shule ya jirani ina uzito mkubwa. Tanzania iliandaa Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya elimu na matibabu sawa na wengine. Mwalimu mkuu anayemrudisha mtoto nyumbani kwa kuwa "hawezi kukaa" anavunja haki hiyo, na mzazi anaweza kwenda kwa afisa elimu maalumu au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Marekebisho ya darasani mara nyingi ni madogo: kiti cha mbele mbali na dirisha, ratiba ya picha ukutani, maagizo mafupi, na ruhusa ya kutoka nje kelele zikizidi.

Mzazi wa Tarime au Serengeti mwenye wasiwasi juu ya mwanawe asikubali kuambiwa "ataongea tu akikua". Aende zahanati wiki hii, aombe masikio yapimwe, aombe dalili ziandikwe kwenye kadi, na aondoke na barua ya rufaa mkononi.