Bingwa wa Wimbledon hutia kibindoni ngapi? Swali kutoka Kimulot

Msomaji mpenzi, hebu tuondoke mjini kidogo, twende pamoja hadi Kimulot. Huko ni Konoin, katika Kaunti ya Bomet, ambako chai imepandwa kuanzia ukingo wa barabara hadi karibu na Msitu wa Mau, na ambako mwezi wa Julai baridi humfanya mgeni kutoka Nairobi kulala na sweta. Mimi ni mkwe wa huko. Jumapili ya Julai 13, 2025, tulikuwa sebuleni kwa shemeji yangu, mursik imeshamiminwa, na televisheni ilikuwa ikionyesha fainali ya wanaume ya Wimbledon, kule London.

Mwenye kuiwasha alikuwa mwanawe wa miaka 14. Kijana huyu ana raketi ya mitumba aliyonunuliwa soko la Litein, na kila jioni hugongesha mpira kwenye ukuta wa ghala hadi mama yake apige kelele. Mwitaliano Jannik Sinner alipomshinda Mhispania Carlos Alcaraz kwa seti tatu kwa moja na kuinua kikombe, kijana akanigeukia.

“Anko, huyu sasa anapewa pesa ngapi?”

Kabla sijajibu, baba yake akadakia. Alisema anataka jibu kamili, kwa kuwa kijana ameanza kuomba ahamie kwetu Nairobi afundishwe tenisi, na karo ya shule inatoka kwenye majani chai. “Wewe ni mtu wa magazeti, shemeji. Niambie ukweli. Kuna pesa huko, au ni mchezo wa matajiri?”

Nikamwomba muda nipekue. Haya niliyoyapata nakuletea nawe, msomaji, kwani najua swali hili haliko Kimulot pekee.

Sinner alitia kibindoni pauni milioni 3, yaani zaidi ya shilingi milioni 500 za Kenya. Jumla ya zawadi zote za mashindano hayo mwaka 2025 ilikuwa pauni milioni 53.5. Ukitaja tarakimu hizo kwenye kituo cha kununulia majani, watu huacha vikapu chini wakuangalie.

Lakini haikuwa hivyo tangu zamani. Wimbledon ya kwanza ilichezwa mwaka 1877, wachezaji wakiwa 22 tu, na kila mmoja alilipa gini moja kuingia. Gini ni pauni moja na shilingi moja. Fainali ilicheleweshwa na mvua, na watazamaji kama 200 walilipa shilingi moja moja kuitazama. Bingwa, Mwingereza Spencer Gore, alipata zawadi ya gini 12 pamoja na kikombe cha fedha cha kushindaniwa chenye thamani ya gini 25.

Baada ya hapo, kwa miongo mingi, pesa zilionekana kuwa najisi. Aliyecheza Wimbledon alipaswa kuwa mchezaji wa ridhaa, na aliyethubutu kulipwa alifungiwa mlango. Fred Perry alitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1934 hadi 1936, lakini alipogeukia tenisi ya kulipwa klabu ikamvua uanachama. Mwaustralia Rod Laver naye alishinda mwaka 1961 na 1962, akaenda kutafuta riziki kwa wachezaji wa kulipwa, na hakuonekana tena Wimbledon kwa miaka mitano. Ridhaa, ukitazama vizuri, ilimfaa mtu ambaye baba yake alikuwa na shamba kubwa. Hata katika nchi yetu ya chai, viwanja vya tenisi vilikuwa kwenye klabu za mameneja wa makampuni, na mchunaji aliviona akiwa upande wa pili wa ua.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1968. Jumla ya zawadi ilikuwa pauni 26,150. Laver alirudi, akashinda, akapewa pauni 2,000, kama shilingi 34,000 za Kenya za wakati huo. Bingwa wa wanawake, Billie Jean King, alipewa pauni 750. Dada zetu walingoja hadi mwaka 2007, Roger Federer na Venus Williams walipolipwa sawa, pauni 700,000 kila mmoja.

Baada ya Laver pesa zilipanda, kwanza polepole. Mwaka 1973, wachezaji wapatao 80 waligoma, na Mcheki Jan Kodeš aliyebaki akashinda alipata pauni 5,000. Mswidi Björn Borg, aliyetawala miaka mitano mfululizo, alilipwa pauni 20,000 kwa taji lake la mwisho mwaka 1980. Kisha televisheni ikaanza kumwaga fedha kwelikweli. Miaka mitano tu baadaye Mjerumani Boris Becker, akiwa na umri wa miaka 17, aliondoka na pauni 130,000. Pete Sampras wa Marekani, ambaye wengi wenu mliokuwa wanafunzi wakati huo mnamkumbuka ametoa ulimi nje kama mtu aliyekimbia kutoka Sotik, alishinda mara saba kati ya 1993 na 2000. Taji lake la kwanza lilimletea pauni 305,000 na la mwisho pauni 477,500. Mwaka 2010 Rafael Nadal akapokea pauni milioni moja kamili.

Hadi hapo shemeji, niliyekuwa namsomea kwa simu, alikuwa akiguna kwa furaha. Lakini ngoja kwanza, msomaji. Mkulima wa chai anajua kwamba kuna bonasi na kuna malipo ya mwezi. Bonasi hutangazwa mara moja kwa mwaka na huandikwa magazetini. Malipo ya mwezi, ya kila kilo iliyopimwa, ndiyo hununua unga. Hizo pauni milioni tatu ni bonasi. Nilitaka kujua malipo ya mwezi ya tenisi, yaani anayeshindwa hupata nini.

Mwaka huohuo wa 2010, Mfaransa Nicolas Mahut alicheza na Mmarekani John Isner katika raundi ya kwanza. Walicheza siku tatu, kwa saa 11 na dakika 5, na seti ya mwisho ikaisha 70 kwa 68. Mahut alishindwa. Malipo yake ya raundi hiyo yalikuwa pauni 11,250. Nauli, hoteli, kocha na kodi ya serikali ya Uingereza vyote vilikatwa humo.

Hapo ndipo wachezaji walipoanza kusema, na la ajabu ni kwamba waliosema kwa sauti kubwa ni wale waliokuwa wakila vizuri, akina Federer, Nadal na Novak Djokovic. Anayeshindwa raundi ya kwanza alipanda kutoka pauni 11,500 mwaka 2011 hadi 23,500 mwaka 2013. Mwaka 2020, mashindano yalipofutwa kwa sababu ya korona, klabu ilitumia fedha za bima ikagawa pauni milioni 10 kwa wachezaji 620, na waliostahili kuingia raundi kuu za mmoja mmoja wakapata pauni 25,000 kila mmoja bila kugusa mpira. Mwaka 2025 aliyeshindwa siku ya kwanza alilipwa pauni 66,000, zaidi ya shilingi milioni 11.

Nilipofika hapo nikasimama, kwa kuwa mimi, kama wewe, nimelelewa kwa hadithi za riadha. Kericho ndiko alikotoka Wilson Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, enzi za ridhaa, ambapo medali ilikuwa medali na basi. Leo wakimbiaji wanalipwa. Lakini linganisha. Katika mbio za Boston za Aprili 2025, Mkenya John Korir alishinda na zawadi ya kwanza ilikuwa dola 150,000. Alphonce Simbu wa Tanzania, aliyemaliza wa pili baada ya kilomita 42, alikuwa na zawadi ya dola 75,000. Pauni 66,000 za mtu aliyefungwa siku ya kwanza Wimbledon zilizidi dola 85,000. Nilirudia hesabu hiyo mara mbili nikidhani nimekosea.

Basi twende sote tukanunue raketi? La hasha. Wanaoingia raundi kuu ya wanaume Wimbledon ni 128. Kati yao 104 huingia moja kwa moja kwa nafasi zao duniani, na wengine huchujwa au hualikwa. Kwa hivyo, ukiwa wa 100 ulimwenguni unaishi, na ukiwa wa 300 unahangaika. Chini kabisa kuna mashindano madogo ambako kila kijana huanzia. Mwaka 2024 yalikuwa na jumla ya dola 15,000 kwa wiki nzima. Bingwa alichukua dola 2,160, na aliyeshindwa raundi ya kwanza dola 156, kama shilingi 20,000. Hizo hazimpandishi mtu ndege kwenda mashindano yanayofuata. Na hapo bado hujamlipa kocha, wala mipira, wala kamba za raketi zinazokatika kila mara.

Mkenya aliyewahi kuufikia mlango huo ni Paul Wekesa wa Nairobi. Mwaka 1995 alifika nafasi ya 100 duniani kwa wachezaji wa mmoja mmoja, na alitwaa mataji matatu ya wawili wawili katika mashindano makuu ya kulipwa. Baada yake, jina lililotikisa Wimbledon ni la binti, Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake, mfanyakazi wa usafi katika shule moja ya Nairobi iliyokuwa na uwanja wa tenisi. Mwaka 2022, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walishinda taji la wasichana chipukizi wawili wawili. Pesa? Hakuna. Chipukizi hawalipwi Wimbledon. Alichopata ni jina, na baadaye nafasi ya chuo kikuu Marekani, na kwa maoni yangu hilo la pili ni sehemu ya zawadi ambayo wazazi wetu hawaihesabu.

Kuna jambo moja zaidi nililomwekea kijana. Sinner mwenyewe hakuzaliwa karibu na klabu ya tenisi yenye sifa. Alikulia kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia, chenye baridi kuliko Kimulot, baba yake akiwa mpishi na mama yake mhudumu wa wageni mahali pamoja. Utotoni alikuwa bingwa wa kuteleza kwenye theluji. Akiwa na miaka 13 aliondoka nyumbani kwenda kuishi pwani, mbali na wazazi, ili afundishwe tenisi.

Agosti nilirudi Kimulot nikamweleza shemeji haya yote, karatasi mkononi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

“Hao 104. Umesema Mkenya alikaribia lini?”

“Mwaka 1995.”

Akahesabu kwa vidole. “Miaka thelathini.”

Nje mpira uliendelea kugonga ukuta wa ghala. Lori la kubeba majani lilisikika likipanda kilima, na shemeji akainuka kuchukua kofia yake. Mlangoni akageuka.

“Amalize mwaka huu hapa hapa. Likizo ya Desemba mchukue, umpeleke kwa kocha amtazame, aniambie kama ni mchezaji au ni kelele tu. Nauli nitaitoa kwenye bonasi.”

Mama yake kijana akauliza kutoka jikoni, je, bonasi ikiwa ndogo? Shemeji alikuwa ameshafika barabarani.