Kuandaa Jedwali la Hashi katika Lugha ya C: Suala la Kisanduku Kitupu katika Rejista za Majina

Kambi ya Dzaleka, iliyopo wilayani Dowa kaskazini mwa Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipowahi kuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Wakazi wake wengi wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Mwaka 2013 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilifanyia hapo majaribio ya mfumo mpya wa kuwatambua watu kwa alama za vidole na mboni za macho. Katika mazingira kama hayo, jibu la swali "jina hili limo?" huweza kuamua kama mtu atapata mgawo wake au atarudi mikono mitupu. Makala hii haichunguzi mfumo huo. Inaeleza hatua moja ya utayarishaji wa programu, ambayo kwayo rejista yoyote iliyoandikwa kwa lugha ya C hupata, au hukosa, haki ya kujibu "halimo".

Jedwali la hashi ni safu ya visanduku. Jina hupitishwa katika kanuni ya hesabu inayotoa namba. Namba hiyo hugawanywa kwa idadi ya visanduku, na baki huonyesha kisanduku cha kufunguliwa. Orodha nzima haipekuliwi. Anayeijua Lilongwe hatashangazwa na utaratibu huu: mji umegawanywa katika maeneo yenye namba, lakini namba zinazofuatana si lazima zipakane, na aendaye Area 49 hafiki kwa kuhesabu kuanzia moja.

Tatizo huanza kabla jina la kwanza halijaingizwa. Tuchukue jedwali lenye visanduku 1,024, kila kimoja kikiwa kielekezi cha mnyororo wa rekodi zilizoangukia humo. Programu ikiomba nafasi kwa malloc, hupewa kumbukumbu jinsi ilivyo, pamoja na masalia ya kazi zilizotangulia. Utafutaji ukikuta masalia hayo huyafuata kana kwamba ni anwani. Programu ikianguka papo hapo, hiyo ni heri. Kibaya zaidi ni kwamba nafasi mpya itokayo kwenye mfumo endeshi mara nyingi huja ikiwa imejaa sifuri; kwa hiyo kosa hujificha wakati wa majaribio, likajitokeza baada ya programu kutumika kwa muda na kuanza kupewa kumbukumbu iliyokwisha kutumika. Dawa yake ni mistari mitatu:

Rekodi **visanduku = malloc(n * sizeof *visanduku);
if (visanduku == NULL) return HITILAFU;
for (size_t i = 0; i < n; i++) visanduku[i] = NULL;

Wengi hutumia calloc, ambayo hujaza sifuri katika kila biti. Kwa mashine za kawaida hilo hutosha, ingawa viwango vya C havikuwahi kuahidi kwamba kielekezi kisichoelekeza popote ni lazima kiwe sifuri katika kila biti. Mzunguko ulioandikwa waziwazi hufanyika mara moja tu, nao humweleza msomaji wa msimbo kilichokusudiwa. Safu iliyotangazwa nje ya vitendaji vyote haina shida hii. Lugha yenyewe huiandaa.

Jambo huwa zito zaidi pale visanduku vyenyewe vinapobeba rekodi bila minyororo. Jina likikuta kisanduku kimejaa, husogea kinachofuata, na utafutaji hukoma kwenye kisanduku kitupu. Sasa rekodi ikifutwa na kisanduku chake kikarudishwa kuwa kitupu, majina yaliyosogezwa mbele yake hayafikiwi tena: yamo, lakini programu itasema hayamo. Hivyo hali zinazohitajika ni tatu, na Kiswahili kinazo tayari katika sarufi yake: hakijaandikwa, kimeandikwa, kimefutwa. Kiambishi -ja- kinabeba hasa maana inayotakiwa, yaani jambo halijatokea hadi sasa, tofauti na lililotokea kisha likaondolewa. Kwa mwanafunzi wa Dzaleka, naona majina hayo yafaa kuingizwa katika msimbo kama yalivyo, na HAKIJAANDIKWA ipewe thamani 0, ili hata calloc isiweze kuzaa kisanduku chenye mtu asiyekuwapo. Kutumia namba ya rekodi 0 kama alama ya utupu hakufai, kwani siku moja namba hiyo itapewa mtu halisi.

Washauri wa sera hawalazimiki kusoma msimbo. Katika mkataba wa ununuzi wanaweza kudai jaribio moja: kumbukumbu ijazwe takataka kwa makusudi, jedwali liandaliwe juu yake, kisha majina yatafutwe kabla lolote halijaingizwa. Wadai pia kwamba nafasi ikikosekana, HITILAFU ile ya mstari wa pili imfikie karani dirishani kwa maneno yake yenyewe, "rejista haikufunguka", wala isigeuzwe njiani ikawa "halimo".