Tako la hasani: mboga tunayoing'oa na kuitupa

Masika yakishika, kabla mahindi hayajafika magotini, mmea huu huwa umekwisha kutandaa chini: mashina mekundu, manene na laini, majani madogo yaliyojaa maji, na vijiua vya njano vinavyochanua jua likipanda. Mpaliliaji huung'oa, akautupa pembeni. Siku chache baadaye bado ni mbichi, kwa kuwa akiba yake ya maji imo shinani.

Ni tako la hasani, kwa jina la kitaalamu Portulaca oleracea. Wagiriki na Waturuki huutia kwenye kachumbari. Mexico huupika na nyama. Kwetu wengi huuona kuwa ni gugu tu.

Mwaka 1992, mtafiti Artemis Simopoulos na wenzake nchini Marekani walichapisha vipimo vyao. Katika gramu 100 za majani mabichi walikuta miligramu 300 hadi 400 za mafuta ya omega-3 ya mimea, miligramu 26.6 za vitamini C na 12.2 za vitamini E. Waliona pia beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hizo ni antioksidanti: huzuia chembe haribifu zisiunguze seli zetu.

Shina nalo lisitupwe. Omega-3 yake ni ndogo kuliko ya majani, lakini wekundu wake unatokana na betasayanini, rangi ya jamii ileile iliyomo kwenye kiazisukari chekundu cha saladi, nayo ni antioksidanti.

Chuma vichomozo vichanga, osha mchanga, katakata pamoja na mashina. Vikiiva huteleza kidogo kama bamia, na uchachu wake hukaribia wa ndimu. Uchachu huo una oksaleti, hivyo mwenye mawe kwenye figo amwone daktari kwanza. Kula na mtindi husaidia, maana kalsiamu ya maziwa hushikana na oksaleti kabla haijaingia mwilini.

Tahadhari moja: vunja shina kabla ya kuchuma. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, huo ni mmea mwingine unaotambaa vivyo hivyo, na unaweza kudhuru, uache. Usichume pia kando ya barabara wala penye dawa za kuua magugu.

Safari ijayo ukishika jembe, beba na ungo. Mboga ya jioni huenda iko miguuni mwako.