Kofia Tulikumbuka, Macho Tukayasahau

Kwa miaka mingi sisi akina mama wa huduma kanisani tumekuwa tukiwapelekea watoto wenye ualbino kofia pana, mashati ya mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Tulijiona tumefanya vema. Siku moja, katika shule ya msingi ya kawaida, tulimkuta binti wa darasa la tatu ambaye ngozi yake ilikuwa safi kabisa, lakini daftari lake lilikuwa karibu tupu. Alikaa dawati la nyuma, ameelekea dirishani. Mwalimu wake akatuambia kwa upole, “Huyu hana shida, mama zangu, ila ni mvivu wa kuandika.”

Hakuwa mvivu. Alikuwa haoni ubao. Na sisi wauguzi, tuliofundishwa mambo haya chuoni, tulikuwa tumemtembelea mara mbili bila kumwuliza.

Ualbino si wa ngozi peke yake, mama msomaji. Ile rangi ya mwili iitwayo melanini inahitajika pia jicho linapojengeka tumboni. Ikikosekana, sehemu ya nyuma ya jicho, ile ya kuonea vitu vidogo, haikui sawasawa. Ndiyo maana watoto hawa huwa na uoni hafifu, mwanga mkali huwaumiza, na mara nyingi macho yao huchezacheza bila wao kutaka. Miwani husaidia, na kila mtoto apelekwe kupimwa, lakini haimalizi tatizo lote. Tusije tukamgombeza, “Si nilikununulia miwani?”

Kuna jambo moja ambalo huwaponza sana darasani. Mtoto hugundua mwenyewe kwamba akiinamisha kichwa upande fulani, macho hutulia kidogo naye huona vizuri zaidi. Mwalimu asiyejua humwamuru akae wima! Wengine hukatazwa kusogeza kitabu karibu na pua, eti wataharibu macho. Hawayaharibu. Mwacheni asome hivyo hivyo.

Mwalimu wa yule binti alikuwa na wanafunzi wengi mno, na hatukutaka kumwongezea mzigo. Tulimwomba amhamishie dawati la mbele, mgongo ukielekea dirisha. Amruhusu kuinuka na kuusogelea ubao bila kuomba ruhusa kila mara. Asome kwa sauti yale anayoyaandika. Penseli hafifu tukaibadilisha kwa kalamu ya wino mweusi, na fundi seremala wa mtaani akatengeneza kibao cha kuinulia kitabu ili shingo isimwume. Jirani yake wa dawati aliachiwa ampe daftari anakili, na hilo lisihesabiwe kuwa ni kuibia. Michezo ya nje tuliomba iwe asubuhi, au kivulini.

Wapo wazazi wanaoona heri mtoto apelekwe shule maalumu ya bweni. Miaka ile ya mashambulizi, hasa Kanda ya Ziwa, watoto wengi walipelekwa huko ili wawe salama, wala hatuwezi kumlaumu mzazi aliyeogopa. Lakini pale penye usalama, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma na wenzake, naye hurudi nyumbani jioni kwa mama yake. Baraza la Mitihani nalo huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu. Mzazi, usingoje wiki ya mtihani. Mwulize mwalimu mkuu mapema, kabla ya usajili.

Tuliporudi muhula uliofuata, daftari lilikuwa na kurasa zilizojaa, mistari ikipanda na kushuka kama njia ya mlimani. Hesabu bado zinamsumbua. Bibi yake alitusindikiza hadi barabarani, akatuuliza kama safari ijayo tungepata kofia nyekundu, maana ile ya kijani mjukuu wake haipendi.