Hori Fupi, Maziwa Haba

Karo yangu hulipwa na ng'ombe watatu. Hawaendi malishoni, wamo zizini mchana kutwa, nasi ndio huwakatia mabingobingo (wengine huyaita nepia) na kuyatia horini. Likizo ya Agosti mwaka jana, Kadogo, aliyekuwa ndiyo kwanza azae, alishuka maziwa kutoka lita 9 kwa siku hadi 6.

Mama alishuku ugonjwa. Daktari wa mifugo akaja, akampima, homa hakuna. Akaniambia, "Kijana, leo kaa hapo uwatazame wakila." Nikakaa.

Lo! Nilipomwaga nyasi, wote walikuja mbio. Ndiyo desturi ya ng'ombe: malisho mapya yakiletwa, kila mmoja hutaka kula papo hapo pamoja na wenzake, si kwa zamu. Malkia, mkubwa wao, akampiga Kadogo kichwa cha ubavuni. Maskini akarudi nyuma, akasimama matopeni akingoja. Alipopata nafasi, majani mororo yalikuwa yamekwisha, yamebaki mashina. Akala harakaharaka, jicho kwa Malkia. Nami siku zote nilikuwa nikiona mabaki yale nikidhani wameshiba!

Nikapima hori: mita 1.5. Gawanya kwa 3, kila mmoja ana sentimita 50. Ng'ombe mzima hatoshei hapo. Wataalamu hushauri angalau sentimita 60 hadi 75. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha jaribio la jambo hilihili. Walipoongeza nafasi kutoka nusu mita hadi mita 1 kwa kila ng'ombe, ugomvi wakati wa kula ulipungua kwa zaidi ya nusu, na walionufaika zaidi ni wale wanyonge. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Kumbe hata majike wana ubabe wao!

Mama alisitasita, maana mbao ni ghali. Mwishowe tuliuza majogoo wawili. Fundi akarefusha hori hadi mita 2.4 na kupigilia mbao za kutenganisha vichwa, kwani mbabe husukuma hata penye nafasi. Baada ya majuma mawili Kadogo alipanda hadi lita 8 na nusu. Malkia naye, kila asubuhi, huisukuma ile mbao kwanza aone kama imelegea.