Kukusanywa na kukusanyika: furaha ya ngoma mjini Garissa

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba mwenye simu iliyojaa nyimbo hana sababu ya kuvumilia vumbi, joto na msukumano ili kuitazama bendi aipendayo ikitumbuiza ana kwa ana. Huenda hoja hiyo ikakubalika penginepo. Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla haina mashiko, nami nawaomba walimu na wanafunzi wanipe sikio, maana jambo lenyewe linawagusa wao kabla ya wengine.

Tulitazame kundi la Gargar. Hili ni kundi la akina mama wa Kisomali kutoka Garissa, na jina lao lina maana ya msaada. Studio ya Ketebul ya jijini Nairobi, chini ya Tabu Osusa, iliwarekodi na kuitoa albamu yao, Garissa Express. Anayeisikiliza peke yake chumbani atapata sauti tamu na mapigo ya kuvutia. Hata hivyo, atakuwa amekosa nusu ya muziki wenyewe.

Sababu ni kwamba muziki wa Wasomali umesimama juu ya ushairi, na katika ushairi huo msikilizaji naye ana kazi. Chukua buraanbur, utungo wa wanawake. Mmoja huzitongoa beti huku wenzake wamemzunguka wakipiga makofi, ngoma imeshika mwendo, mara mwanamke anajitoma katikati kucheza na vigelegele vinapaa. Mtunzi akigusa penyewe, akautaja ukame au mume mvivu, umati humjibu papo hapo, naye hulipokea jibu hilo na kusonga mbele. Katika dhaanto vijana hujipanga safu kwa safu, wimbo ukirushwa upande huu na kurudishwa upande ule. Yaondoe makofi na majibu, nawe umeuondoa wimbo. Ndiyo maana hadhira ya Garissa haihitaji kufundishwa la kufanya bendi inapopanda jukwaani.

Hata nyimbo za kisasa za Kisomali zimetoka katika maisha ya watu wa kawaida. Mtindo wa balwo ulianzishwa miaka ya 1940 na Abdi Sinimo, dereva wa lori wa Borama. Abdullahi Qarshe, ambaye wengi humwita baba wa muziki huo, na aliyeupa udi nafasi yake humo, alizaliwa Moshi, Tanganyika, jambo ambalo sijui kwa nini hatuwatajii wanafunzi wetu. Baadaye likaja kundi la taifa la Waaberi, na jukwaa la Ukumbi wa Taifa wa Mogadishu uliofunguliwa mwaka 1967. Vita vya 1991 viliunyamazisha ukumbi huo. Ulifunguliwa upya Machi 2012, na mnamo tarehe 4 Aprili mwaka huo huo bomu likalipuka ndani yake. Kwa miaka mingi, basi, wapenzi wa Magool na wenzake upande huu wa mpaka waliwajua waimbaji wao kwa redio na kanda za kaseti.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Tangu Desemba 1963 hadi 1991 mkoa huu uliishi chini ya sheria za hali ya hatari. Mnamo Novemba 1980 wakazi wa Garissa walisombwa na askari na kurundikwa katika uwanja wa shule ya msingi. Februari 1984 ikawa zamu ya wanaume wa Wajir, katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi hawakurudi nyumbani. Walimu wa sarufi wataniunga mkono nikisema kwamba kukusanywa si sawa na kukusanyika. Watu wa huku waliijua mno ile kauli ya kutendwa. Umati ulikuwa kitu cha kuamrishwa kukaa chini juani.

Kisha ikaja tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Amri ya kutotoka nje usiku ikafuata katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Nani angelaumiwa kwa kuogopa mahali penye watu wengi? Mtu aliyepitia hayo, au aliyelelewa na waliopitia hayo, anaposimama bega kwa bega na asiowajua, akapiga makofi, akacheka kwa pamoja nao kwa sababu ya ubeti mmoja, hafanyi upuuzi. Anakirudisha kitu alichonyang'anywa.

Najua yupo atakayeniuliza kuhusu dini. Wako mashekhe wanaoukataa muziki, na rai yao ina wafuasi waaminifu ambao sina nia ya kuwadhihaki. Ila tusichanganye mambo. Shekhe anayewausia waumini wake ni tofauti na wenye bunduki walioziamuru redio za Mogadishu mwaka 2010 ziache kupiga muziki. Vijana wa Waayaha Cusub, bendi iliyozaliwa Eastleigh mwaka 2004 miongoni mwa wakimbizi, walikwenda kutumbuiza Mogadishu kwenyewe mwaka 2013, wakijua fika hatari yake. Na buraanbur ya akina mama arusini ni ya zamani kuliko mabishano haya yote.

Zamani msafiri wa Garissa akienda Nairobi alisema anakwenda Kenya. Mwalimu aliyetoka Kitui au Kisii naye alijiona ametoka Kenya kuja kufundisha. Baada ya watu 28 kuuawa katika basi karibu na Mandera mnamo tarehe 22 Novemba 2014, walimu wakiwa miongoni mwao, wengi wa wenzao walikataa kurejea kazini, na madarasa yakabaki bila mtu. Sisemi ngoma huzuia risasi. Nasema mgeni anayefika darasani asubuhi na kujifungia chumbani jioni hana njia ya kuwajua wazazi wa wanafunzi wake, ilhali aliyewahi kuingizwa katika duara, akacheka na kuchekwa kwa makofi yake yasiyofuata mapigo, tayari ana watu wa kumjulia hali njiani.

Mashindano ya muziki ya shule nchini mwetu, yaliyoanza mwaka 1927, yamefanya mengi mema. Lakini mashindano huligeuza duara kuwa mstari: watoto mbele, waamuzi na kalamu zao mezani, wengine kimya. Kisomali kikiimbwa hivyo hubaki na maneno tu. Ningependa kila shule ya Garissa iwe na alasiri moja kwa muhula ambapo kundi la mjini linaalikwa uwanjani, wazazi wakiwemo, saa za mchana ili kila mtu awahi kwao kabla ya giza. Akina mama wakitaka kuimba mbele ya wanawake na wasichana pekee, wapewe ukumbi wao na heshima yao. Mwalimu wa Kiswahili awaombe wanafunzi wafasiri beti mbili tatu kesho yake, aone tofauti ya vina vya pwani na mfuatano wa sauti za kwanza unaoubana ubeti wa Kisomali. Nao waimbaji walipwe. Desturi ya kuwaita akina mama watumbuize wageni wa heshima kwa soda na shukrani imedumu kupita kiasi.